Jinsi ya Kula Sandwichi ya Mboga Mkahawani Malindi na Ukashiba

Wapo wengi mjini Malindi ambao, wakialikwa chakula cha mchana kwenye mkahawa wa sandwichi zisizo na nyama, huuliza kwa haki kabisa kama hicho ni chakula au ni kifungua kinywa kilichochelewa. Aliyezoea wali wa nazi na mchuzi, au sima na mchicha, haoni ni vipi vipande viwili vya mkate na nyanya vitamfikisha magharibi. Shaka yake ina msingi, kwa sababu sandwichi nyingi za mboga zinazouzwa mijini ni mkate, majani ya saladi na mayonezi, basi. Hata hivyo, mkahawa uleule unaomtoa mmoja na njaa humtoa mwenzake ameridhika, na tofauti kati yao huwa ni namna walivyoagiza.

Mwongozo huu ni wa mlaji wa kawaida anayeingia mkahawa mdogo wa aina hiyo, uwe kandokando ya Barabara ya Lamu au katika vichochoro vya karibu na soko, na awe amejizuia nyama kwa imani, kwa afya, au kwa kuwa siku hiyo haitaki tu.

Hatua ya 1: Chagua saa ya kwenda

Saa nzuri ni kati ya saa tano na saa sita unusu mchana. Wakati huo mkate wa asubuhi bado una ladha yake, mboga zimekatwa si muda mrefu uliopita, na mafuta ya kukaangia hayajatumika hadi yakawa meusi. Siku ya Ijumaa usitegemee kuhudumiwa wakati wa sala, na katika mwezi wa Ramadhani uliza kwanza, kwa kuwa mikahawa mingi hufunga mchana kutwa na ile inayofungua huwa na pazia mlangoni. Ukiingia humo, kaa ndani, usitoke na mkate mkononi barabarani.

Msimu nao una neno lake. Masika yanapoingia, kuanzia Aprili hadi Juni, biashara nyingi zinazotegemea wageni hufunga au hupunguza wafanyakazi, na menyu ya Januari hugeuka kuwa orodha ya vitu ambavyo havipo. Mkahawa unaotegemea wenyeji hausumbuki na hilo, na hiyo ni sababu moja ya kuupendelea.

Hatua ya 2: Tazama kabla hujaketi

Simama karibu na kaunta kwa dakika moja. Tazama mahali mboga zilizokatwa zilipowekwa: je, zimo ndani ya jokofu au juu ya barafu, au ziko wazi kwenye sinia zikipigwa na joto? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vijidudu huzaliana haraka katika chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60, na sinia lililo mezani Malindi mwezi wa Machi liko katikati kabisa ya eneo hilo. Nyanya nzima na tango zima havina tatizo. Vya kuangaliwa ni viazi vilivyopondwa, mayai ya kuchemsha, jibini bichi, na hasa mayonezi iliyotengenezwa papo hapo kwa mayai mabichi.

Tazama pia bamba la kubanikia mkate. Mkahawa unaouza mboga peke yake hauna shida hapa, lakini sehemu nyingi huuza sandwichi za mboga pamoja na za kuku, na bamba ni moja. Ukiona kisu kilekile kimetoka kwenye kuku kikaingia kwenye nyanya bila kuoshwa, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3: Taja usichokula kwa majina yake

Hapa ndipo walaji wengi wanapokosea. Kumwambia mhudumu kwamba unataka “ya mboga” hakutoshi, kwa sababu wako wapishi wengi waaminifu ambao hawahesabu kuku kuwa nyama, wala samaki, na kwao mchuzi uliopikwa na mfupa kisha mfupa ukatolewa ni mchuzi wa mboga. Hawakudanganyi, hivyo ndivyo wanavyopanga vyakula. Kwa hiyo taja kimoja kimoja, kwa upole, na baada ya salamu, maana anayeanza na masharti kabla ya salamu hapendwi pwani hii.

Mazungumzo yanayofaa huwa hivi:

“Assalamu alaykum, dada.”

“Wa alaykumu salaam. Karibu, kaka.”

“Ahsante. Mimi sili nyama, wala kuku, wala samaki. Mayai na maziwa nala. Hii ya biringanya ndani ina nini?”

“Ina biringanya, nyanya, jibini na sosi ya kijani.”

“Hiyo sosi mwaitengeneza wenyewe au yatoka dukani?”

“Ya chupa, kaka.”

“Basi niletee chupa niisome, tafadhali.”

Ombi hilo la mwisho si ukaidi. Sosi ya kijani ya Kitaliano, ile ya rihani, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, kwa kawaida hutiwa jibini gumu, na jibini la Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake hugandishwa kwa kigandishi kinachotolewa katika tumbo la ndama. Mlaji mboga asiye mkali halijali jambo hilo, lakini Mhindu au Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya kutoka India) anayefuata mila yake kikamilifu hulijali sana, na Mwislamu naye anaweza kutaka kujua ndama huyo alichinjwa vipi. Sosi nyeusi ya Kiingereza iitwayo Worcestershire, ambayo hutiwa matone machache ndani ya rojo la uyoga au la maharagwe, kwa asili yake ina samaki wadogo. Mayonezi ya kawaida ni mayai na mafuta. Asiyekula chochote cha mnyama aiache, akaombe parachichi lililopondwa badala yake, na atakuwa amefaidika zaidi.

Swali jingine ni la mafuta ya kukaangia. Viazi karai na bhajia vikikaangwa katika karai moja na sambusa za nyama, basi mlaji mkali hana la kufanya ila kuchagua kilichobanikwa. Uliza swali hilo kwa mpishi mwenyewe ikiwezekana, kwa sababu mhudumu wa mezani mara nyingi hujibu kwa kukisia ili asikuudhi.

Wajaini, na baadhi ya Wahindu, hawali vitunguu wala saumu. Mikahawa iliyozoea wateja wa Kigujarati hulijua hilo bila maelezo. Kwingineko itabidi ulieleze mara mbili.

Hatua ya 4: Anza na kitu kizito

Menyu nyingi huanza na majina ya mikate, na mteja huchagua mkate kwanza. Mimi nashauri kinyume. Uliza kwanza ni kitu gani ndani ya sandwichi hiyo kitakachoshibisha, na kama jibu ni nyanya, tango na saladi tu, hesabu kwamba umeagiza kachumbari iliyofunikwa.

Kitu kizito kilicho bora kuliko vyote mjini Malindi, kwa maoni yangu, ni bhajia za kunde. Kunde hulowekwa usiku kucha, zikamenywa maganda, zikasagwa bila kulainika kupita kiasi pamoja na kitunguu saumu, pilipili na dania, kisha rojo lake likapigwa kwa mkono mpaka liingie hewa, ndipo likachotwa kidogo kidogo na kutumbukizwa katika mafuta ya moto. Kabla hujakubali zitiwe ndani ya mkate wako, omba moja uionje. Ukiivunja kwa vidole, ganda la nje litoe sauti, na ndani uone vitundu vidogo vidogo na chembe za kijani za dania. Ikiwa ndani ni bumba zito linalonata, rojo halikupigwa vya kutosha, na bhajia tatu za namna hiyo zitakaa tumboni hadi usiku. Zikiwa nzuri, omba nne au tano, zibonyezwe kidogo kwa kiganja ili zisibingirike nje ya mkate, na zitiwe chatini ya ukwaju juu yake.

Kuna sababu ya lishe pia. Kunde kavu zina takriban gramu 23 za protini katika kila gramu 100, na protini hiyo ina kwa wingi laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo ngano inayo kidogo. Ngano nayo hufidia kinachopungua kwenye kunde. Mama zetu waliokuwa wakitupa bofulo, yaani mkate wa ngano, kwa bhajia kabla ya chuo (madrasa) hawakuhitaji kuambiwa hivyo, ila ni vyema kujua kwamba mlo huo umesimama wenyewe bila nyama. Wale wasiogusa mayai wala maziwa siku zote wakumbuke tu kwamba vyakula vya mimea havitoi vitamini B12 ya kutegemewa, na wazungumze na daktari kuhusu vidonge.

Baada ya bhajia, viazi. Sandwichi ya Kihindi ya namna ya Bombay huwa na viazi vilivyochemshwa na kukatwa vipande vyembamba, tango, nyanya, kitunguu na bitiruti, na mkate hupakwa siagi na chatini ya dania na pilipili mbichi kabla ya kubanwa katika tosta ya chuma mpaka kingo zake zishikane. Inashibisha, ni rahisi, na bitiruti huacha rangi kwenye kanzu ambayo haitoki kwa sabuni ya kawaida, jihadhari.

Biringanya ni mtihani wa mpishi. Nyama yake ni kama sponji, na ikikaangwa hunywa mafuta yote yaliyo kwenye kikaango, kisha huyatoa ndani ya mkate wako. Omba iliyobanikwa juu ya makaa au juu ya bamba, iliyopakwa mafuta kidogo tu, na ikiwa na michirizi myeusi ya moto basi imepata joto la kutosha. Biringanya isiyoiva vizuri hukereketa ulimi na hakuna sosi inayoweza kuisaidia.

Jibini limeingia menyu za Malindi kwa njia yake. Waitaliano walianza kuja kwa wingi katika miaka ya 1960, Italia ilipojenga kituo chake cha kurushia setilaiti za San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa hilo ilirushwa mwaka 1967. Baada ya wahandisi wakaja watalii na wenye mahoteli, na pamoja nao mafuta ya zeituni, rihani katika mkate, na jibini jeupe laini linalovutika kama ubani. Sandwichi ya jibini hilo, nyanya na rihani ni nzuri sana ikiwa jibini ni bichi na nyanya imeiva juani. Lakini ni ghali kuliko ya bhajia, na ikiwa jibini limekaa siku kadhaa kwenye jokofu ambalo umeme wake hukatika mara kwa mara, fedha yako imepotea. Uliza limefika lini, na jibu likiwa na kigugumizi, rudi kwenye kunde.

Yai ni jibu la haraka kwa anayelila: moja lina gramu 6 hivi za protini, na yai la kukaanga lililofunikwa na pilipili hoho na kitunguu hutengenezwa mbele ya macho yako. Mbaazi za nazi ningeziacha zibaki kwenye bakuli pembeni, zichovywe mkate, kwa sababu tui likiingia katikati ya vipande viwili hakuna mkono utakaovishika.

Hatua ya 5: Sasa chagua mkate

Bofulo jeupe hufaa kwa viazi na yai. Kwa bhajia, mkate mviringo wenye ganda ni bora, kwa sababu hustahimili kubonyezwa. Kwa biringanya na jibini, omba mkate bapa wa Kitaliano ikiwa wanao, na kama hawana, chapati iliyokunjwa itafanya kazi hiyo vizuri kuliko bofulo.

Agiza mkate ubanikwe. Hewa ya bahari hapa ina unyevu, na ganda lililotoka tanurini likiwa kavu alfajiri huwa limelegea adhuhuri. Tena, mikahawa mingi huweka mkate ndani ya jokofu ili usiote ukungu, na mkate katika baridi ya jokofu hukauka na kupoteza ladha upesi zaidi kuliko ulio kabatini, kwa kuwa wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu. Joto la bamba huurudisha hali yake kwa muda, yaani kwa dakika chache, na hiyo ndiyo sababu ya kutouacha mezani ukingoja simu yako iishe.

Hatua ya 6: Panga yaliyo na maji

Nyanya, tango na kachumbari hutoa maji mara tu yanapotiwa chumvi. Mwombe anayetengeneza apake siagi au parachichi pande zote mbili za mkate hadi kwenye kingo, kwa kuwa mafuta huzuia maji yasipenye, kisha kitu kizito kikae chini, nyanya juu yake, na chumvi iwe ya mwisho kabisa. Mhudumu mwenye haraka hufanya kinyume, akapaka chatini kwenye mkate mkavu, na ndani ya dakika kumi upande wa chini umekuwa uji.

Chatini na achari ziletwe kwenye kibakuli. Achari ya maembe ya Malindi huwa kali na ya chumvi nyingi, na kijiko kimoja kilichotiwa na mkono mkarimu huua ladha ya kila kitu kingine. Ukiwa na kibakuli, unatia mwenyewe kila unapouma. Ndimu nayo iombwe nzima, ikatwe mezani.

Hatua ya 7: Kinywaji na cha pembeni

Juisi ya ukwaju au ya ndimu inafaa zaidi kuliko ya parachichi, ambayo ni mlo wa pili. Uliza kama maji na barafu ni ya kuchemshwa au ya chupa. Dafu halihitaji swali hilo. Chipsi za pembeni ziache ikiwa sandwichi yako ina viazi.

Hatua ya 8: Kula

Osha mikono kwenye sinki, hata kama umepewa uma na kisu. Omba ikatwe katikati kwa mshazari, na nusu unayoanza nayo uishike ikiwa imezungushiwa karatasi upande wa chini, karatasi uishushe kadiri unavyokula. Ikiwa kuna kijiti kilichoshikilia vipande, kitoe kwanza ukiweke pembeni ya sahani ambapo mtoto hatakifikia. Iwapo baada ya kuuma umekuta kipande cha kuku au cha nyama, simama hapohapo, mwite mhudumu kwa sauti ya kawaida, umwonyeshe, na uombe nyingine itengenezwe upya badala ya kile kipande kutolewa tu. Mkahawa wenye adabu hautabisha.

Hatua ya 9: Lipa

Kabla ya kuagiza ungekuwa umeshatazama kama bei zilizoandikwa zimejumlisha kodi, maana kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na sehemu zinazowalenga watalii huweza kuongeza tozo ya utalii ya asilimia 2 pamoja na ada ya huduma. Kwenye mikahawa midogo bei huwa ni ileile unayoiona. Ukilipa kwa M-Pesa, linganisha jina la biashara lililo ukutani na lile linalotokea kwenye ujumbe, na umwonyeshe mwenye kaunta ujumbe huo kabla hujaondoka. Ada ya huduma ikiwa haimo kwenye bili, bakshishi ndogo kwa fedha taslimu humfikia mhudumu mwenyewe.

Hatua ya 10: Ukitaka kufungiwa

Sandwichi ya kubeba iagizwe tofauti na ya kula hapo. Iwe kavu: bhajia, viazi, kitunguu, mkate uliobanikwa na kuachwa upoe kabla ya kufungwa, kwa sababu ukifungwa wa moto mvuke wake huulowesha. Chatini ifungwe peke yake, na nyanya ibebwe nzima pamoja na kisu kidogo ikiwa unacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, hivyo nenda na kikapu chako au utafungiwa kwa karatasi itakayopasuka kabla hujafika kwenye tuktuk.

Chakula chenye yai, jibini au mayonezi kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 isizidi saa moja. Anayepanda basi la kwenda Lamu asibebe cha aina hiyo hata kidogo, kwa sababu kati ya kituo cha Malindi na kivuko cha Mokowe ni safari ya saa kadhaa, na sehemu kubwa yake ni jua la dirishani. Abebe viazi vilivyokaangwa vikakauka, mkate, njugu na ndimu, na achari aiache nyumbani, kwa sababu chupa yake ikimwagika ndani ya basi abiria wote watamjua.